Haki ya Mpiga Rithimu: Mazungumzo ya Magitaa Pale Ngamiani

Katika baraza letu la Ngamiani, hapa Tanga, ambalo huanza baada ya sala ya alasiri na kuvunjika pale muuza kahawa anapoinua dele lake, jina la Malcolm Young hutajwa kabla ya jina la mdogo wake, Angus. Mtu aliyewahi kuona picha za AC/DC, bendi yao ya roki ya Australia, atashangaa, kwa kuwa Angus ndiye anayevaa kaptula na koti la sare ya shule, ndiye anayezunguka jukwaa zima na gitaa lake la Gibson SG, na ndiye anayepiga solo. Malcolm, tangu bendi ilipoanzishwa Sydney mwaka 1973 hadi maradhi ya kusahau yalipomtoa jukwaani mwaka 2014, alikuwa akisimama nyuma karibu na dramu, akasogea mbele kuitikia kibwagizo, kisha akarudi nyuma. Hatumtangulizi kwa kutaka kujitofautisha na mashabiki wengine wa roki duniani. Tunamtanguliza kwa sababu hivyo ndivyo masikio yetu yanavyosikia, na ninaamini kwamba yanasikia hivyo kwa sababu ya mji tuliokulia.

Tanga ilikuwa na magitaa yake zamani. Jamhuri Jazz na Atomic Jazz zilitoka hapa, na ingawa miaka mingi imepita, katika baraza letu bado wapo wazee wasiokubaliana ni ipi kati ya hizo mbili iliyokuwa na wapiga magitaa bora. Upande wa taarabu, Black Star Musical Club, na baadaye Lucky Star, zilichukua hatua ambayo wapenzi wa taarabu ya udi, ganuni na fidla hawakuizoea: ziliingiza gitaa la umeme na gitaa la besi, mapigo yakakaribia ya dansi, na sauti ya Shakila binti Saidi ikasafiri mbali ikiwa imebebwa na magitaa hayo. Kwa hiyo mtoto wa Tanga anaweza kuwa hajawahi kushika gitaa maishani mwake, lakini amekwisha kusikia magitaa matatu yakizungumza kwa wakati mmoja, harusini, kwenye redio ya jirani, na katika basi la Korogwe, na anajua bila kufundishwa kwamba moja likinyamaza wimbo unapwaya.

Inafaa nieleze mgawanyo huo wa kazi kwa ajili ya wasomaji waliozoea muziki wa gitaa moja. Katika bendi za dansi za zamani, gitaa la solo lilipita juu, kwenye freti (vile vyuma vinavyokatiza shingo) za karibu na mwili wa gitaa, likijibizana na mwimbaji na kutangulia mbele wakati wa sebene. Chini yake palikuwa na solo la pili, ambalo watu wengi hawalisikii mpaka waambiwe, likirudia kipande kifupi cha noti chache bila kuchoka. Rithimu ilikaa kwenye freti za mwanzo za shingo na kuzunguka kodi tatu au nne, yaani noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, kutoka mwanzo wa wimbo hadi mwisho, na besi ikaziba mianya iliyoachwa na wote hao. Ukilichukua kila gitaa peke yake hupati wimbo. Unapata vipande tu. Wimbo unazaliwa pale vipande vinaposhikana, na anayevishika ni mpiga rithimu, kwa kuwa yeye ndiye pekee asiyeruhusiwa kuondoka. Mpiga solo akikosea atapigiwa makofi kwa ujasiri wake, na mpiga besi anaweza kuruka pigo moja akalipata mbele. Mpiga rithimu akiteleza, wachezaji wanasimama katikati ya ukumbi wakitazamana.

Ushahidi mkubwa ninaoutoa kila mara ni wa watu wetu wenyewe. Ndugu wawili wa Kinyonga, Wilson na George, walianzia muziki wao hapa Tanga na Jamhuri Jazz, wakapitia Arusha, wakavuka mpaka kwenda Mombasa na baadaye Nairobi, na jina la Simba Wanyika, bendi waliyoiunda mwaka 1971, likawa maarufu Kenya kuliko bendi nyingi za Wakenya. Ilipofika mwaka 1978 kundi hilo liligawanyika, na waliojitenga wakaunda Les Wanyika. Miongoni mwa waliotoka alikuwa Omar Shabani, mpiga rithimu, aliyeitwa Profesa. Sikiliza rekodi za Les Wanyika kwa makini, ukiwa na spika nzuri au vipokea sauti vya masikioni, na usifuate sauti ya mwimbaji. Fuata gitaa la Shabani. Halipandi wala halishuki, wala halina pambo lolote la kuonyesha ufundi, lakini kila linaporudi mwanzo wa mzunguko wake unahisi kama sakafu imewekwa upya chini ya miguu yako. Gitaa hilo lilimfanya mwimbaji aweze kuimba taratibu, karibu kwa kunong'ona, bila wimbo kulegea. Kijana mmoja wa baraza letu, ambaye kabla ya hapo alikuwa akisikiliza bendi ya roki nzito ya Metallica tu, alisikilizishwa rekodi hizo na mjomba wake, akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mjomba, huyu mtu hachoki?" Mjomba wake akamjibu, "Akichoka yeye, utacheza na nani?"

Nikirudi kwa Malcolm Young, naye alikuwa na ndugu pembeni yake, na naona hilo lina maana yake. Familia ya Young ilihama kutoka Glasgow kwenda Australia mwaka 1963, na kaka yao mkubwa, George, alikuwa mwanamuziki aliyefanikiwa kabla yao na ndiye aliyekuja kushiriki katika kutayarisha albamu zao za mwanzo. Gitaa la Malcolm lilikuwa Gretsch Jet Firebird la mwaka 1963. Lilipotoka kiwandani lilikuwa na pikapu mbili, yaani zile sumaku zilizozungushiwa waya ambazo hukaa chini ya nyuzi na kugeuza mtetemo kuwa umeme. Malcolm aliing'oa ya upande wa shingo akabaki na ile moja ya karibu na daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi mwilini mwa gitaa, akakwangua na rangi mpaka mbao zikaonekana. Aliweka nyuzi nene kuliko wapigaji wengi wa roki, na amplifaya yake ya Marshall hakuipandisha mpaka sauti ikoroge. Wengi wakisikia kwamba AC/DC ni bendi ya kelele hudhani magitaa yake yamechafuliwa sana. Ukweli ni kwamba gitaa la Malcolm ni safi kiasi kwamba unaweza kusikia kila uzi wa kodi ukilia kwa zamu yake.

Jambo hili tulilijaribu wenyewe. Kijana niliyemtaja alikuja na gitaa lake, akaunganisha kisanduku cha kukoroga sauti, na akaanza kupiga mojawapo ya nyimbo za AC/DC. Ilikuwa na nguvu, lakini haikutembea. Mzee wetu, ambaye alifanya kazi ya ufundi wa redio kwa miaka mingi na aliwahi kupiga rithimu katika bendi ya vijana enzi zake, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Mwanangu, zima hilo dude kwanza." Kijana akazima. "Sasa piga tena, lakini usiujaze mpigo wote. Ukishapiga kodi, legeza vidole." Kijana akauliza, "Niviondoe, babu?" Mzee akajibu, "Usiviondoe. Vilegeze tu, vibaki vimegusa."

Hapo ndipo siri yote ilipo, na ni siri ya mkono wa kushoto, ingawa watu hudhani rithimu ni kazi ya mkono wa kulia. Mkono wa kulia unakwenda chini na juu bila kusimama, hata pale ambapo hapasikiki kitu, ili mwendo usipotee. Mkono wa kushoto ndio unaoamua nini kisikike: ukikaza, kodi inalia, ukilegeza bila kunyanyua, sauti inakatika papo hapo, na kinachobaki ni mkwaruzo mdogo mkavu unaofanana na wa kayamba. Mara nyingine kiganja cha kulia hukaa juu ya nyuzi karibu kabisa na daraja, na noti hutoka fupi na nzito. Ukimya unaoachwa kati ya kodi na kodi ndio unaompa mpiga dramu nafasi ya kuweka pigo lake likasikika. Kijana alipoanza kulegeza vidole kama alivyoelekezwa, wimbo uleule wa Australia ulianza kutembea, na watu wawili waliokuwa wakipita na baiskeli zao walisimama kusikiliza. Mzee hakusema neno. Alianza kugonga meza ya kahawa kwa vidole akifuata besi ambayo haikuwepo.

Ninapenda pia kumtaja Keith Richards wa Rolling Stones, kwa sababu alichofanya kinakaribiana mno na walichofanya wapiga magitaa wa Kongo. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 alianza kutumia sana mpangilio wa nyuzi ambao ukizikwangua zote bila kubonyeza chochote hutoa kodi kamili ya G, na uzi mnene wa sita akauondoa kabisa, akabaki na nyuzi tano. Kwa kufanya hivyo alipunguza kile ambacho mkono unaweza kufanya, akapata mlio ambao hakuna aliyekuwa nao. Huko Kongo, wapigaji wa gitaa linaloitwa mi-solo, ambalo hukaa kati ya solo na rithimu, walikuwa wakiutoa uzi wa nne na kuweka mahali pake uzi mwembamba uliopandishwa oktavu moja, yaani noti ileile lakini ya juu zaidi, ili kodi ing'ae na kupenya katikati ya magitaa mengine. Watu wa London na watu wa Kinshasa hawakuulizana, lakini wote walikuwa na haja moja, ambayo ni kumtafutia mpiga rithimu mahali pa kusikika bila kumkanyaga mpiga solo. Dire Straits nao walianza na ndugu wawili, Mark Knopfler kwenye solo na David kwenye rithimu, na ninaamini kwamba albamu zao mbili za mwanzo zina hewa ambayo haikurudi tena baada ya David kuondoka mwaka 1980. Katika baraza wapo wanaonipinga vikali kwa hilo. Wana hoja zao, lakini sijabadilika.

Wapo watakaosema kwamba roki ina bendi kubwa zilizokuwa na gitaa moja tu, na kwamba hizo hazikumhitaji mpiga rithimu. Hoja hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote kuijibu.

Mchukue Tony Iommi wa Black Sabbath. Alikuwa kijana wa miaka 17 akifanya kazi katika kiwanda cha bati huko Birmingham wakati mashine ilipomkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, na kwa kuwa yeye hupiga kwa kushoto, huo ndio mkono anaobonyezea nyuzi. Aliyeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akajitengenezea vifuniko vya vidole, akavisugua mpaka vikaenea. Nyuzi za kawaida zilimuumiza, hivyo akatafuta nyembamba zaidi, na baadaye akazilegeza kwa nusu sauti tatu ili zibonyezeke kwa urahisi. Kodi za vidole vinne zilikuwa taabu kwake, akabaki na zile za nyuzi mbili au tatu. Albamu ya kwanza ya Black Sabbath ilipotoka mwezi Februari 1970, watu walisikia mlio mzito uliozaa aina nzima ya muziki, na mlio huo ni rithimu iliyochukua nafasi ya wimbo. Ukiondoa solo za Iommi, nyimbo zake zinabaki zimesimama. Ukiondoa rithimu yake hakibaki kitu cha kuimbia.

Bendi ya Queen ya Uingereza ni habari nyingine, na kwetu sisi wa pwani ni habari ya karibu zaidi, kwa sababu Freddie Mercury, ambaye wazazi wake walimpa jina la Farrokh Bulsara, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Baraza letu linajivunia hilo kwa haki. Lakini tunapokaa kuzungumza magitaa, anayetuchukulia muda ni Brian May. Mwaka 1963, akiwa bado mwanafunzi na hana uwezo wa kununua gitaa la kiwandani, alianza kutengeneza la kwake pamoja na baba yake, Harold, ambaye alikuwa mhandisi wa elektroniki. Shingo waliichonga kutoka kwenye ubao wa mkangazi wa kigeni uliokuwa juu ya meko ya nyumba ya zamani, ubao wenye matundu ya wadudu ambayo iliwabidi wayazibe. Springi za kutikisia nyuzi zilitoka kwenye injini ya pikipiki kuukuu, na alama za shingoni zilikuwa vifungo vya lulumizi kutoka kwenye kikasha cha kushonea cha mama yake. Gitaa hilo, ambalo lilichukua takriban miaka 2 kukamilika, ndilo analosikika nalo katika karibu kila rekodi ya Queen, na hulipiga kwa sarafu ya zamani ya Uingereza ya pensi sita badala ya piki ya plastiki.

Jukwaani May alikuwa peke yake kwenye gitaa, na mara nyingi rithimu ilibebwa na piano ya Mercury. Studio ilipompa nafasi ya kurudia, alijirekodi mara nyingi, gitaa juu ya gitaa, kila moja na mstari wake, mpaka yakawa kundi zima linalojibizana. Mzee wetu aliposikia kwa mara ya kwanza sehemu moja ya namna hiyo alisema, bila kuambiwa na mtu, "Hapo kuna solo, kuna solo la pili, na kuna mmoja ameachiwa kazi ya chini." Alikuwa amesikia kilekile alichokuwa akikisikia ukumbini ujanani mwake.

Mzee huyo ana mapenzi ya pekee na Leo Fender, na sababu yake ni ya kitaaluma. Fender alikuwa fundi wa redio. Mwaka 1938 alifungua karakana ya kutengeneza redio huko Fullerton, California, na hakuwahi kujifunza kupiga gitaa. Telecaster na Stratocaster, magitaa yaliyobadilisha muziki wa dunia nzima tangu miaka ya 1950, yalibuniwa na mtu aliyefikiri kama fundi: shingo imefungwa kwa skrubu nne ili ikiharibika ifunguliwe na kubadilishwa, nyaya nyingi zinafikika kwa kufungua bamba moja, na kila kitu kinaweza kurekebishwa kwa bisibisi. Hata Stratocaster, iliyotoka mwaka 1954, ni kitu ambacho fundi wa Ngamiani anaweza kukifungua bila hofu. Gibson walikwenda njia nyingine, shingo ya kugundishwa na mwili mzito, na mwaka 1955 mhandisi wao Seth Lover alipata dawa ya ule mvumo unaosikika kwenye magitaa ya pikapu za koili moja. Wasomaji wa Tanga wanaujua vizuri mvumo huo, kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50 na kila nyaya za ukumbi zinapokuwa mbovu amplifaya huanza kuunguruma kabla hata mpigaji hajagusa uzi. Lover aliweka koili mbili zilizozungushwa kinyume, mvumo wa moja ukafuta mvumo wa nyingine, na sauti ya nyuzi ikabaki.

Kwa sasa baraza limeshikwa na gitaa linalotengenezwa na mwenzetu mmoja ambaye ni seremala. Nimekaa naye karakanani kwake akipima freti, na nakiri kwamba sijaona kazi ya mbao inayodai utulivu kiasi kile. Urefu wa uzi, kuanzia kile kipande chenye mifereji sita kilicho juu ya shingo hadi kwenye daraja, ameuweka milimita 648, kama ulivyo kwenye Fender nyingi. Unaugawanya kwa 17.817 na kupata milimita 36.37, na hapo ndipo freti ya kwanza inapokaa. Unachukua urefu uliobaki, milimita 611.63, unaugawanya kwa namba ileile na kupata 34.33, ambayo ni nafasi kati ya freti ya kwanza na ya pili. Ukiendelea hivyo bila kuteleza, freti ya 12 itaangukia milimita 324, nusu kamili ya uzi, mahali ambapo sauti hupanda oktavu moja. Fundi wetu aliandika namba zote kwa penseli kwenye kipande cha plaiwudi, akazipima kila moja kutoka juu ya shingo, kwa sababu ukipima kutoka freti hadi freti kosa dogo la kila hatua linajikusanya, na ukifika ya 12 gitaa haliimbi tena sawa.

Ubao wa kukalia freti ni mpingo, mti mzito unaozama majini, uleule ambao viwanda vya Ulaya vinautaka kwa klarineti. Shingo na mwili ni mninga. Wengine walimshauri atumie mtiki wa Longuza, ambao haukosi huku kwetu, lakini alichagua mninga kwa sababu ukishakauka vizuri hautembei sana, na katika mji wa bahari hilo ni jambo kubwa. Wapenzi wengi wa magitaa ya umeme hubishana kuhusu mlio wa mbao hizi na zile. Mimi naona mbao zina mchango mdogo kuliko tunavyopenda kuamini, kwa kuwa sumaku inasikia chuma cha uzi, na kabla ya mbao zipo pikapu, amplifaya, na zaidi ya vyote mkono. Lakini shingo inayopinda wakati wa masika na kunyooka wakati wa kaskazi ni adui wa kila mpiga rithimu, kwa sababu kodi zake zote ziko kwenye freti tano za kwanza na hana mahali pa kukimbilia.

Kwa hiyo yeyote anayenunua gitaa la mkononi, yaani lililokwisha kutumika, hapa Tanga, na magitaa mengi tunayoyapata ni ya mkononi, nashauri aanze na shingo kabla ya rangi na jina. Bonyeza uzi wa sita kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, kisha tazama karibu na freti ya saba. Panatakiwa pawe na mwanya mdogo sana, unaopitisha kadi nyembamba kwa shida. Pasipokuwa na mwanya kabisa, nyuzi zitagonga freti na kulialia. Mwanya ukiwa mkubwa, vidole vitaumia, na itabidi kile chuma kilicho ndani ya shingo kikazwe, robo mzunguko kwa siku, si zaidi. Nyuzi nazo hufa upesi na chumvi ya bahari. Zifute kwa kitambaa kikavu juu na chini kila unapomaliza kupiga, usiliache gitaa dirishani upande unaovuma kusi, na ukiona madoa ya kahawia kwenye uzi wa tatu usio na waya wa kuzungushwa, ubadilishe, maana hauwezi tena kukaa kwenye sauti yake.

Kinachonisumbua ni kwamba vijana wengi wanaojifunza sasa kwa kutazama video hawafundishwi rithimu. Nimekutana na kijana mwenye vidole vyepesi ajabu, anayeweza kupiga solo za Jimi Hendrix, mpiga gitaa wa Marekani, noti kwa noti, lakini ukimwomba azungushe kodi tatu kwa dakika tano bila kubadilisha chochote, anaharakisha, kisha anachoka, kisha anaanza kuweka mapambo. Hendrix mwenyewe kabla ya kujulikana alipiga rithimu nyuma ya waimbaji wengine, wakiwamo Isley Brothers na Little Richard, na ukisikiliza namna anavyochanganya kodi na vijisolo katika nyimbo zake za taratibu, unasikia mtu aliyefunzwa na kazi hiyo. Zambia ya miaka ya 1970 ilizaa bendi za roki kama WITCH, zilizotaka kupiga kama Wazungu na zikatoka na kitu cha Kizambia, na naamini kilichowaokoa ni kwamba mapigo ya nyumbani yalikwisha kukaa mikononi mwao kabla hawajanunua visanduku vya kukoroga sauti. Vijana wetu wanayo mapigo hayo pia, tena yamerekodiwa, tena na watu wa mji wao. Wanachohitaji ni mtu wa kukaa nao na kuwaambia walegeze vidole.

Kuhusu gitaa la seremala wetu, mjadala uliobaki ni wa pikapu. Mzee anataka mbili, kwa kuwa karibu na shingo uzi hutikisika kwa upana na sauti hutoka ya duara na ya joto, kama ile ya bendi za dansi alizozipenda, na amejitolea kuzungusha mwenyewe waya wa shaba, mwembamba kuliko unywele, kwa maelfu ya mizunguko. Kijana wa Metallica anataka moja ya koili mbili. Mimi nimeomba iwe moja tu, ya koili moja, karibu na daraja, ambako uzi hutikisika kidogo na sauti hutoka kali na yenye kukata, ili gitaa hili lifanye kazi ya rithimu katikati ya magitaa mengine bila kupigania nafasi. Fundi amekwisha kuchimba shimo la karibu na daraja, na la pili ameliwekea alama ya penseli. Mzee amempa hadi Ijumaa aamue.